Ukurasa wa Kumi na Saba

Kitabu kilisahaulika gesti ya Isevya, chumba namba nne,
chini ya godoro la Mjapani wa visima.
Mama Wande, mfua mashuka, akaniletea dukani:
"Wewe si ndiye unayechorachora? Chukua,
ila kimefungwa kinyume."

Hakikufungwa kinyume.
Kinaanzia kulia, kama juzuu,
na mimi niliyechapwa chuoni Gongoni kwa kuruka mistari,
siku hiyo mkono uliijua njia kabla ya macho.

Herufi sikuijua hata moja.
Nilisoma jasho. Nilisoma nywele zikisimama,
mistari ya mbio, kama nyasi za porini
ukizitazama dirishani mwa treni.
Na ukurasa mmoja karibu mtupu: mtoto kasimama kwenye theluji,
pembeni alama mbili tatu.
Naapa pale paliandikwa: JII.

Nikaanza ya kwangu, nyuma ya kopi zilizoharibika.
Nshoma, mkamata nyoka, miaka kumi na sita,
macho kama visosi.
Baba akapita na tezo mkononi, akacheka:
"Bundi huyu wa nani?"
Nikamnyooshea kidole kinyago chake mwenyewe, kile asichouza,
macho yake shanga mbili nyeupe pe,
makubwa kuliko mdomo.
Akanyamaza. Akarudi kwenye kigoda alichokuwa anakichonga.

Shida ilikuwa visanduku.
Kila nikipiga mstari ulionyooka
Nshoma anafia ndani, kama panzi kwenye kibiriti.
Wiki nzima nafuta. Raba ikaisha.
Mpaka nikaenda Ndala, msiba wa shangazi,
nikalazwa kwenye nyumba ya zamani ya wacheza nyoka:
ukutani chatu wa masizi na chokaa,
kachorwa kabla sijazaliwa,
anapanda, anazunguka dirisha, anashukia mlangoni,
na kila pindo la mwili wake lina jambo lake.
Hapa mtu na ngoma. Hapa fisi. Hapa jua lenye miguu.
Hakuna aliyeshika rula.
Nyoka ndiye fremu.

Nikarudi Tabora na basi la alfajiri, sijanawa hata uso,
nikamchora nyoka kwanza.
Mgongo ukaukata ukurasa, tumbo likawa chumba,
Nshoma akaruka kutoka pindo hadi pindo,
akatua TIFU, akakamata NDI,
wino mweusi ti, mnene mgongoni, mwembamba shingoni,
kama baba anavyolipitisha tezo kwenye mninga,
haliinui mpaka mti upumue.

Mwalimu mmoja, kaja kutoa kopi za mtihani,
akachungulia juu ya kaunta:
"Sasa hii ni yetu au ni yao?"
Nikamwambia kopi ni shilingi mia.

Kurasa ishirini na nne.
Usiku, duka limefungwa, nikazitandaza sakafuni,
na nyoka akajiunga, mkia mlangoni, kichwa kwenye mashine,
mzima,
kasoro ukurasa wa kumi na saba.
Mdogo wangu Kapela aliufungia karanga.
Akaziuza stesheni, dirishani, treni ya Mpanda.

Nililia kidogo. Nikatafuta karatasi nichore upya.
Baba akaja, vumbi la mninga magotini,
akachuchumaa, akaufuata mwili kwa kidole
toka mkiani, taratibu, pindo kwa pindo,
mpaka kwenye pengo la saruji.
Kidole kikasimama.
"Hapa," akauliza, "kameza nini?"

Nikaifunika kalamu.

Huko Kaliua mtu kamaliza karanga,
kaikunjua karatasi mapajani,
chumvi bado imeng'ang'ania wino,
na hajui aanzie kulia au kushoto.